Boti ya Bata Huanzia Ngamani

Utaikuta nyuma ya banda la mtu, imelazwa juu ya trela lenye matairi bapa, maji ya mvua yametuama ndani na mche wa mti umeota palipokuwa na kiti cha nahodha. Ni boti ya faiba, urefu futi 14, ya zamani zile ambapo familia za Kimarekani zilinunua boti ya matembezi kama sisi tulivyonunua baiskeli. Mwenyewe ataomba dola 200. Mkewe, akiwa amesimama mlangoni, atasema ichukueni bure. Msikilize mke.

Hivyo ndivyo wengi wetu tunaoishi kando ya Mto Mississippi, pale Minnesota inapotazamana na Wisconsin, tunavyoingia katika kazi ya kuligeuza ganda la boti kuukuu liwe boti ya kuwindia bata. Mimi nimezaliwa Pangani, mji wenye mto upande mmoja na bahari upande mwingine, na wajomba zangu walikuwa mafundi wa mashua. Harufu ya sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya mbao, niliijua kabla ya harufu ya shule. Huku nimekwisha kugeuza maganda matatu. Na kila mwaka, majira ya baridi yakianza kulegea, Mswahili mwenzangu wa Minneapolis au Rochester hunipigia simu kuniambia naye amepata ganda lake. Swali lake la kwanza huwa lile lile: nipake rangi gani?

Rangi ni jambo la mwisho. Swali la kwanza ni ngama, kule chini kabisa ya chombo maji yanakokusanyika. Wazee wetu walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na mwongozo huu utakwenda njia hiyo hiyo: tutaanza nyuma, twende mbele, kisha tushuke chini, ambako ndiko kwenye kazi.

Kugonga kabla ya kununua

Nenda na nyundo ndogo, bisibisi na tochi. Anayenunua tikiti maji huligonga na kusikiliza; nawe gonga. Anza na ukuta wa nyuma, kwenye tezi, unaobeba injini. Ndani ya faiba ya ukuta huo mna plaiwudi, na plaiwudi hiyo ndiyo hufa kwanza. Ukuta mzima hulia kwa sauti kavu na fupi. Ukuta uliooza hulia kama godoro. Kama injini bado ipo, shika kichwa chake ukipandishe na kukishusha: ukuta ukicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, basi jua kwamba unanunua ganda na kazi ya majuma matatu.

Mwenyewe akikuruhusu, toboa tundu dogo la milimita 3 kwa upande wa ndani, chini karibu na sakafu, utazame kinachotoka kwenye keekee. Unga mkavu wa rangi ya mbao ni heri. Kikitoka kitu cheusi, chenye unyevu, kama ugoro, ubao umekwisha. Hilo lisikukimbize. Lishushe bei tu.

Halafu sakafu. Chini ya sakafu ya boti nyingi za zamani mlimiminwa povu la kuifanya ielee, na povu hilo, likikaa ndani ya maji miaka na miaka, hunywa. Nimewahi kutoa vipande vyake vizito kama gogo la mnazi lililolala matopeni. Boti ikikaa kwenye trela na matairi yakabonyea kuliko inavyostahili ukubwa wake, uzito huo ni maji. Kumbuka jambo hili, maana tutalirudia.

Mwisho, karatasi. Boti zilizotengenezwa Marekani tangu Novemba 1972 zina namba ya ganda yenye herufi na tarakimu 12, upande wa kulia wa ukuta wa nyuma. Isomwe, ilingane na hati ya umiliki. Boti ndogo za tangu wakati huo huwa pia na kibao kinachotaja idadi ya watu, uzito na nguvu ya injini. Usikibandue na usikipake rangi. Kama kimepotea, kuna hesabu ya haraka: zidisha urefu kwa upana kwa futi, ugawanye kwa 15. Boti ya futi 14 kwa 5 inakupa watu wanne, kwa maji yaliyotulia. Wewe chukua wawili na mbwa. Maji ya Novemba hayatulii.

Tezi

Vua kila kitu: kioo cha mbele, viti, usukani, zulia, nyaya. Kisha vaa.

Nasema vaa kwa sababu vumbi la faiba ni kioo kilichosagwa. Linaingia mapafuni, linaingia machoni, linakaa kwenye ngozi likuwashe usiku kucha. Barakoa yenye vichujio vya vumbi na vya mvuke wa kemikali, miwani inayofunika pembeni, ovaroli, glavu. Barakoa ya hospitali haitoshi. Ukitumia rezini ya poliesta, kile kigandishi chake cha majimaji ni hatari kuliko vyote: tone moja jichoni linaweza kukupofusha. Ndoo ya maji safi iwe karibu kabla hujafungua chupa. Kwa hili sina mzaha hata kidogo.

Sasa kata ngozi ya ndani ya ukuta wa nyuma kwa grinda, uache ukingo wa sentimita 5 kuzunguka. Ngozi ya nje usiiguse, ndiyo umbo lako. Chokoa ubao mbovu mpaka ufike kwenye faiba safi. Kata kigezo cha boksi, ukijaribu na kukata tena mpaka kikae kama kimezaliwa hapo. Kwa kigezo hicho kata vipande viwili vya plaiwudi ya baharini, kila kimoja unene wa milimita 18, uvigandishe pamoja na kuvigandisha kwenye ngozi ya nje kwa epoksi iliyofanywa nzito.

Plaiwudi bora ya kazi hii hutengenezwa kwa mti wa okoume, ambao kwao ni Gabon na majirani zake. Mara ya kwanza nilipousoma mhuri kwenye ubao nilikaa kitako. Mti wa Afrika umevuka bahari, umepita viwandani, umeuzwa dukani, umefika gereji yangu Minnesota ili ushike injini ya kumfuata bata. Sikupoteza hata kipande. Mabaki yake ndiyo kibao changu cha kukatia nyama.

Kosa lililoua ukuta wa kwanza ni tundu la bolti. Fundi wa kiwandani alitoboa, akapitisha bolti, akapaka gundi ya mpira, akaenda nyumbani. Miaka ikapita, gundi ikakauka, maji yakaingia tone kwa tone. Wewe toboa tundu kubwa kuliko bolti, ulijaze epoksi nzito, uache igande, kisha utoboe tundu la bolti katikati ya epoksi hiyo. Sasa bolti haigusani na ubao popote. Ni kazi ya jioni mbili za ziada na inaupa ukuta miaka mingi. Kila tundu, hata la skrubu ya kushikilia kamba, lifanyie hivyo.

Epoksi si chai

Watu huniuliza watumie poliesta au epoksi. Boti yako ya zamani imetengenezwa kwa poliesta, na poliesta mpya haishiki vizuri kwenye poliesta iliyokwisha kukauka. Epoksi inashika. Ni ghali zaidi, nami nasema nunua epoksi ule maharage.

Lakini epoksi ina tabia yake. Poliesta unaweza kuiharakisha au kuichelewesha kidogo kwa kupima kigandishi, ndani ya kipimo alichoweka mtengenezaji. Epoksi haikubali. Ni ndoa ya sehemu mbili zenye kipimo kimoja tu, mbili kwa moja au tano kwa moja au chochote kilichoandikwa kwenye kopo, na ukiongeza kigandishi ukidhani itawahi kukauka, itabaki inanata milele. Epoksi si chai. Huongezi sukari kwa kuonja. Pima kwa mzani au kwa pampu zake, koroga dakika mbili kamili, kwangua pembe za kopo, koroga tena.

Na ina joto lake. Mara ya kwanza nilichanganya lita nzima katika kopo jembamba, nikageuka kukata kitambaa cha faiba. Niliporudi kopo lilikuwa linafuka moshi na haligusiki. Nikalitoa nje kwa koleo. Epoksi ikiwa nyingi mahali pamoja hujipasha moto yenyewe, na kadiri inavyopata moto ndivyo inavyoganda upesi. Tangu siku hiyo nachanganya kidogo, na nikichanganya namimina mara moja kwenye sinia pana ili joto litoke. Sinia la biriani lililopasuka ukingo linafaa sana.

Kwa upande mwingine kuna baridi. Gereji ya huku mwezi wa Aprili inaweza kuwa na nyuzi 5, na epoksi nyingi hapo hulala usingizi. Subiri Mei, au nunua kigandishi cha baridi. Ikishakauka, mara nyingi utaona juu yake ute mwembamba kama nta. Huo huoshwa kwa maji na brashi ngumu, ndipo msasa ufuate. Ukianza na msasa unausukuma ute ndani, na tabaka lijalo litabanduka.

Jambo la mwisho la epoksi: ule mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa unaouzwa kwa ajili ya poliesta usiununue. Gundi inayoshikilia nyuzi zake imeundwa iyeyuke ndani ya poliesta. Ndani ya epoksi mara nyingi hukaa ngumu kama ukili usiolowekwa. Chukua kitambaa kilichofumwa au kilichoshonwa kwa pembe. Na unapoziba ufa, usimwage tu juu yake. Chonga kingo ziteremke pole pole, mara 12 ya unene wa ganda: ganda la milimita 5, mteremko wa sentimita 6 kila upande. Kiraka chenye kingo za ghafla hubanduka vivyo hivyo.

Omo

Sasa bata. Bata mwitu huona rangi, huona mbali, na anaruka juu ya mto akiwa ameshapigiwa risasi tangu Kanada. Anachokiogopa zaidi ni umbo: ukuta mrefu ulio wima, kivuli cheusi chenye pembe, uso wa mtu unaong'aa. Boti ya matembezi ina vyote hivyo. Kazi yako ni kuishusha, kuifunika na kuivunja umbo.

Wamarekani wameijua siri hii zamani. Mwaka 1836 huko West Creek, New Jersey, fundi mmoja aitwaye Hazelton Seaman alitengeneza boti fupi, pana, yenye sitaha iliyobinuka kama mgongo wa kijiko kilichofudikizwa, na tundu dogo katikati la mtu kulala. Wakaiita sneakbox. Inakaa chini majini hivi kwamba ukiitupia majani juu, inakuwa kichuguu cha kinamasi. Nathaniel Bishop alisafiri nayo kutoka Pittsburgh hadi Ghuba ya Meksiko miaka ya 1875 na 1876. Chombo cha kujificha kikathibitika kuwa chombo cha kusafiria, na sababu ni ile sitaha: wimbi linapanda, linateleza, linarudi mtoni.

Nawe funika omo kwa sitaha kuanzia ncha hadi theluthi ya urefu. Kila upande weka sitaha nyembamba ya sentimita 22 hivi, mpaka kwenye tezi. Plaiwudi ya milimita 6 juu ya mataruma mepesi, tabaka moja la kitambaa cha faiba, inatosha. Kuzunguka tundu la katikati inua ukingo wa sentimita 8 ili maji yaliyopanda sitahani yasiingie ndani. Nafasi iliyo chini ya zile sitaha za pembeni iache kwanza wazi. Tuna kazi nayo.

Maficho yenyewe ni fremu ya mabomba ya alumini inayokunjwa, yenye majani. Duka litakuuzia vitambaa vilivyochapwa picha ya majani, na vizuri vipo, lakini wawindaji wengi hapa wanatumia rafia. Nilipofungua mzigo wa kwanza nilicheka peke yangu gerejini: ulinuka vumbi la nyumbani. Rafia ni nyuzi za mwale, jamaa wa mitende, mti tunaoufahamu vizuri Afrika Mashariki, na Madagaska ndiyo inayouza nyingi duniani. Bibi yangu alifunga nayo matita ya kuni. Wazungu wa Wisconsin wanaipaka rangi ya matete makavu na kuivisha boti. Nionyeshe Mswahili aliyesuka nywele au aliyesuka jamvi ambaye atashindwa kazi hii! Funga vishada visivyolingana, virefu na vifupi, vilale kidogo upande mmoja kama majani yanavyolala kwa upepo. Kisha nenda kwenye kinamasi utakachowindia, kata majani ya hapo hapo kiasi kidogo pale unaporuhusiwa, uyachanganye. Matete ya mahali pamoja hayafanani na ya pengine.

Tahadhari moja. Maficho yaliyosimamishwa ni tanga usilolitaka. Ukisafiri nayo yakiwa wima siku ya upepo, boti itakwenda upepo unakotaka. Yakunje kabla hujawasha injini. Sheria ya nchi inakwenda sambamba na busara hiyo: haruhusiwi mtu kupiga bata kutoka kwenye boti inayoendeshwa, injini izimwe kabisa, tanga likunjwe, na chombo kiwe kimeacha kusonga. Kwa hiyo weka pondo ndani, refu, la kujisukumia kwenye maji ya kina kifupi. Ukijua kutia pondo umewazidi nusu ya wawindaji wa mto huu.

Wengine watakuuliza, kama alivyoniuliza dada yangu, kwa nini uwinde kabisa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na watu wengi wa kwetu wanauona kama dhambi ya wazungu. Nami naheshimu wanaokataa. Ila nieleze ninachokiona. Kila mwindaji wa bata mwenye umri wa miaka 16 na zaidi lazima anunue stempu ya serikali kuu, ya dola 25. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1934 chini ya Rais Roosevelt. Picha ya stempu ya kwanza aliichora Jay Darling, mchoraji wa katuni za magazeti. Senti 98 za kila dola zinakwenda kununua na kulinda vinamasi, na fedha hizo zimekwisha kuhifadhi zaidi ya ekari milioni 6. Risasi za madini ya risasi, zilizokuwa zikiwaua kwa sumu ndege waliozimeza matopeni, zimekatazwa kwa bata nchi nzima tangu 1991. Tunatumia za chuma. Idadi ni bata 6 kwa siku, na baadhi ya aina zina kikomo cha chini zaidi. Hifadhi ya mto huu, iliyoanzishwa mwaka 1924, inafuata maji kwa karibu kilomita 420, na mwezi wa Novemba, karibu na mji wa Brownsville, utaona bata wa kichwa chekundu na mgongo mweupe kwa maelfu wakizamia mizizi ya majani ya mtoni. Nimesimama pale asubuhi bila bunduki, zaidi ya mara moja.

Ngama

Tarehe 11 Novemba 1940 ilikuwa sikukuu. Asubuhi ilikuwa na joto lisilo la kawaida, na wawindaji wa bonde hili walitoka na makoti mepesi. Bata walikuja kwa wingi ambao wazee bado wanausimulia. Walikuwa wanaikimbia dhoruba. Mchana upepo ukageuka, halijoto ikaporomoka, mvua ikawa theluji, na mto ukainuka mawimbi ambayo boti ndogo za bata hazikuweza kuyapita. Watu walikwama kwenye visiwa vyenye matete, wamelowa. Minnesota peke yake walikufa watu 49, karibu nusu yao wawindaji wa bata. Siku iliyofuata rubani wa Winona, Max Conrad, aliruka na ndege yake ndogo juu ya visiwa, upepo bado mkali, akiwadondoshea waliobaki hai chakula na viberiti na kuwaonyesha waokoaji walipo.

Jirani yangu, mzee wa miaka themanini na kitu, hanisaidii kuvuta boti majini mpaka aseme tarehe hiyo. Haisemi kwa huzuni. Anaitaja kama mtu anayekagua orodha.

Katika maji ya baridi kali una kama dakika moja ya kuirudisha pumzi yako, dakika kama kumi ambazo mikono bado inakutii, na kama saa moja kabla ya baridi kukuondolea fahamu. Dakika hizo kumi hazikutoshi kuogelea hadi ufukweni na mabuti yamejaa maji. Zinatosha kushika boti, kama boti bado iko juu. Kwa hiyo vaa jaketi la kuokolea, usilikalie. Funga kamba ya kuzimia injini kwenye mwili wako. Na tengeneza boti isiyozama.

Boti yangu ya kwanza niliijaza povu chini ya sakafu yote, kama kiwanda kilivyofanya, nikafunika, nikafurahi. Nilimpigia mjomba simu ya picha kumwonyesha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Nigeuzie simu nione ndani."

Nikageuza. Akatazama muda mrefu.

"Ngama yake iko wapi?"

Nikamweleza kwamba haina, chini kote ni povu, maji hayana pa kukaa.

"Maji hayakosi pa kukaa," akasema. "Umeyanyima njia ya kutoka tu. Hilo povu litalowa, na boti itakuwa nzito, na hutajua ni kwa nini."

Mtu aliyefanya kazi na kalafati na deheni, asiyewahi kugusa epoksi, aliona katika dakika mbili kile kilichoiua boti hiyo mara ya kwanza. Nilikwangua lile povu lote. Lilichukua siku nne.

Basi fanya hivi. Chini acha wazi. Katika kila taruma toboa tundu la kipenyo cha sentimita 2 au 3 mahali pa chini kabisa, ulipake epoksi ndani, ili tone lililoanguka omo lifike tezi bila kuzuiwa. Sakafu iwe ya vipande vinavyonyanyuka kwa mkono. Kule tezi weka kizibo cha kutolea maji, na ndani ya boti pawe na upo, hata ukiwa na pampu ya umeme. Betri hufa, upo haufi.

Povu lihamie juu, chini ya zile sitaha za pembeni tulizoacha wazi. Hapa ndipo watu wengi wanakosea hata wakikubali kuondoa la chini. Povu likiwa sakafuni, boti iliyojaa maji inataka kupinduka, maana kinachoelea kinatafuta juu. Likiwa pembeni na juu, boti iliyojaa maji hulala sawa kama sinia, nawe unakaa ndani yake.

Kiasi? Lita moja ya povu jepesi la seli zilizofungwa huinua karibu kilo moja. Ganda la faiba la kilo 160 likizama lina uzito wa kama kilo 53 tu, kwa kuwa maji yanalibeba sehemu kubwa. Ongeza injini kilo 35, betri 20, mizigo na risasi 40. Watu wawili waliokaa majini hadi kiunoni wape kilo 50 kila mmoja. Jumla karibu kilo 250. Sitaha mbili za urefu wa mita 3.5, upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 20 zinakupa zaidi ya lita 300. Hesabu imekubali, na mbwa amepata nafasi. Kama unatumia mbao za povu la polistirini, zile za kuhifadhi joto la nyumba, jua kwamba petroli huziyeyusha na rezini ya poliesta huziyeyusha, epoksi haizidhuru. Zikate, zibane vizuri zisicheze, zifunike, na hata huko juu uache mwanya wa maji kuchuruzika.

Kisha, kabla ya brashi yoyote ya rangi, nenda ukaizamishe.

Nilifanya hivyo Julai, mahali pa kina cha kiuno, maji ya vuguvugu, betri imetolewa na mahali pake pamewekwa jiwe la uzito ule ule. Jirani aliingia na jaketi lake la kuokolea na kofia ya majani. Mimi nikaingia. Mbwa akaingia bila kuitwa. Mwanangu alishika simu ufukweni, mjomba akiwa ndani yake, saa tatu usiku kule Pangani. Nikafungua kizibo. Maji yalipanda taratibu, yakafunika vifundo, yakafunika magoti, yakafika kiunoni tukiwa tumekaa, yakakoma. Tukahamia wote upande mmoja. Boti iliinama kiasi cha upana wa kiganja, ikasimama. Jirani akapiga sitaha kofi mara mbili kama mtu anayempongeza ng'ombe.

Tukaivuta kwenye trela, tukaipandisha mteremko. Maji yakatoka kwenye tundu la tezi kama mfereji, yakapungua, yakawa uzi, yakawa matone. Mwanangu akanyanyua kipande cha sakafu, akaingiza simu chini, akaipitisha kutoka omo hadi tezi, taruma kwa taruma.

"Pakavu," mjomba akasema. "Haya. Sasa paka rangi."